Mipira Mitatu Mfululizo

Nilisema mwenyewe, mbele ya mume wangu na binti yangu, kwamba kucheza pool ni kusukuma mipira kwa fimbo mpaka idumbukie, na kwamba hata mimi ningeweza. Nilikuwa nakata vitunguu. Mtu akiwa na kisu mkononi huona kila jambo ni rahisi.

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, na tangu utotoni akikasirika hupunguza sauti badala ya kuipandisha, tabia ambayo hakuitoa kwangu. Mezani kulikuwa na fomu mbili. Moja ilikuwa ya chuo nilichosoma mimi, stashahada ya upimaji macho; nafasi alishapata, ilibaki kujaza tu. Nyingine ilikuwa ya kituo cha michezo kilichokuwa kinachukua wasichana kumi, kiwafundishe pool mwaka mzima na mwishoni kiwape cheti cha ukocha. Hiyo ya pili ilitaka sahihi ya mzazi. Masomo yote mawili yalikuwa yaanze wiki ileile, kwa hiyo hapakuwa na njia ya katikati. Baba yake alishasema hatasaini kitu ambacho mimi sijakikubali, kwa sababu na yeye analala humu humu ndani.

"Basi ingiza mitatu," binti yangu akasema. "Mfululizo. Nakupa mwezi mmoja. Ukiweza, najaza fomu yako na pool sitaitaja tena humu ndani. Ukishindwa, unasaini yangu."

Nikasema sawa kabla kitunguu hakijaisha. Baba yake akainua macho kutoka kwenye viatu alivyokuwa anavipiga rangi, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye viatu vyake. Ni fundi mwashi. Amezoea kuuona ukuta unavyoinama kabla haujaanguka.

Lazima nijieleze hapa, maana mtu anayekubali jambo kama hili akiwa jikoni anahitaji kujieleza. Mimi ni mpima macho. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye chumba kidogo kilichozimwa taa, nikibadilisha lenzi mbele ya nyuso za watu na kuwauliza: unaona vizuri na hii, au na hii? Ya kwanza, au ya pili? Watu wanababaika, wananijibu kwa woga kana kwamba ni mtihani, nami najua jibu kabla hawajafungua mdomo. Kazi ya namna hiyo inaharibu mtu. Unatoka pale jioni ukiamini kila kitu duniani ni suala la kuona vizuri, na kwamba mwenye kuona vizuri ni wewe.

Meza ilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa pili kutoka kliniki yetu. Mbele kuna viti viwili na kioo kirefu, nyuma kuna chumba ambacho meza imekijaza mpaka ukitaka kuzunguka unatembea kiubavu. Binti yangu alikuwa hapo kila siku kuanzia saa tisa alasiri. Mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga. Tukapatana kwamba nitajifunza saa ya chakula cha mchana, na kwamba saa hiyo yeye hatatia mguu. Sikutaka kuonwa.

Kinyozi alinipokea kama mteja. "Karibu, daktari," akasema. Nimemwambia mara mia mimi si daktari, na mara mia amesema sawa daktari. Hakuniuliza nimefuata nini, kwa hiyo nikajua binti yangu alishamweleza kila kitu.

Siku ya kwanza alininyima mipira. Akanifundisha kusimama: mguu mmoja mbele, magoti yamelegea, kifua chini, kidevu karibu na fimbo. Mkono wa kushoto unalala mezani, vidole vimekita, fimbo inapita juu yake kati ya kidole gumba na kiganja. Mkono wa kulia unashika nyuma, na haukazi.

"Umeikaza," akasema.

Nikalegeza.

"Bado. Unaishika kama mtu anayeogopa kuibiwa."

Kisha akanipa mpira mweupe peke yake, akaniambia niusukume uende mpaka ukingo wa pili urudi palepale kwenye ncha ya fimbo. Hilo tu, wiki nzima. Niliona ananichezea. Mtu mwenye stashahada hawezi kusukuma mpira mmoja wiki nzima. Dakika ya tano nikadai mpira wa rangi. Akanipa. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Ule mweupe ukaruka meza, ukapita mlangoni, ukaviringika mpaka chini ya kiti alichokaa mteja mwenye povu shavuni. Yule bwana akainua miguu yote miwili, kama mtu aliyezoea kufagiliwa, akaendelea kusoma gazeti lake.

Nikarudi kwenye mpira mmoja.

Wiki ya pili nikaamua kutumia akili. Nilinunua daftari, nikachora meza, nikachora pembe kwa kipimapembe nilichomnyang'anya mtoto wa dada yangu aliyekuwa na mtihani siku iliyofuata. Nikaandika vichwa vya habari na kuvipigia mstari. Kwenye daftari sikukosa hata mpira mmoja. Mezani, mpira ukiwa karibu na shimo niliuingiza, ukiwa mbali haukuingia, na hakuna mstari wangu wowote ulioeleza kwa nini.

Basi kosa likawa la vitu vingine. Kwanza fimbo, nikabadilisha zote nne zilizokuwepo, nikazilaumu moja baada ya nyingine. Kisha viatu, nikacheza miguu mitupu, nikakanyaga nywele za watu nisiowajua. Mwisho nikaamua kwamba meza imepinda. Nilimwomba mume wangu pimamaji.

"Unajenga?" akaniuliza.

"Napima meza."

"Ya nani?"

"Ya kinyozi."

Akafikiri kidogo. "Ina ufa?"

Siku iliyofuata niliingia kwa kinyozi na pimamaji kwapani, nikailaza juu ya kitambaa cha meza, pande zote nne na katikati. Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu, akaja kusimama mlangoni na mashine mkononi. Kila nilipoiweka, kile kitone cha hewa kilikaa katikati ya mistari kimetulia tuli, kimenikodolea jicho.

"Imenyooka, daktari," akasema, akarudi kwenye kile kichwa.

Kufikia wiki ya tatu nilikuwa na mambo mawili ya kujivunia. Nilisimama vizuri, na mpira mweupe nikiusukuma peke yake ulikwenda na kurudi kama nimeufunga kamba. Lakini weka mpira wa rangi mbali, na utalipita shimo. Kazini mgonjwa mmoja aliniambia nina unga puani. Ilikuwa chaki. Nilimwambia ni dawa, Mungu anisamehe.

Siku moja ya wiki hiyo, binti yangu alikuja saa yangu. Alikuwa amesahau sweta. Sikumwona akiingia, nilikuwa nimeinama, nimetoa ncha ya ulimi, napiga mpira uleule kwenye shimo lilelile kwa mara ya ishirini na kukosa kwa mara ya ishirini. Nilipoinuka nikamkuta kaegemea ukuta na sweta yake mkononi. Kwa jinsi alivyoegemea, hakuwa amefika sasa hivi.

Nikamwambia tulipatana. Akasema anajua, anaondoka. Hakuondoka.

"Mama," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Unakosa upande mmoja. Kila mara unakwenda kulia, vidole viwili. Hebu weka mikono hivi."

Akanyoosha mikono mbele, akaviunganisha viganja mpaka vidole vikaacha uwazi mdogo kati yao.

Nilijua ni nini kabla sijainua yangu. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza, kama alivyo na mkono mmoja wa kuandikia. Wengi wanaotumia mkono wa kulia huongozwa na jicho la kulia. Wengi, si wote. Kujua ni lipi ni kazi ya nusu dakika: unatazama kitu kupitia ule uwazi, unafumba jicho moja, kisha la pili, na linalobaki na kile kitu ndilo linaloongoza. Nimewapima hivyo watu ambao siwezi kuwahesabu. Yeye mwenyewe nilimpima akiwa na miaka saba, kwa fahari, mbele ya shangazi zake.

Niliitazama saa ya ukutani kupitia mikono yangu. Nikafumba la kushoto. Saa ikatoweka, nikabaki namtazama kijana wa kwenye picha ya mitindo ya nywele. Nikafumba la kulia. Saa ikarudi mahali pake.

Nikarudia mara tatu, kama wale wagonjwa wabishi ninaowasema nyumbani.

Miaka kumi na minne. Nimepima madereva, washonaji, hata padri mmoja, na mimi mwenyewe sikuwahi kujipima, kwa sababu ninatumia mkono wa kulia na nilikwishajiamulia. Wiki tatu nilikuwa nimelaza fimbo chini ya jicho la kulia huku jicho la kushoto ndilo linalotazama, nikalaumu fimbo, viatu na meza ya watu. Kinyozi alikwenda mbele kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea. Nikasikia mabega yake yanacheka, kama mabega yanaweza kusikika.

Binti yangu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akakisogeza upana wa vidole viwili kwenda kulia, mpaka fimbo ikawa chini ya jicho la kushoto. "Sasa piga. Usiharakishe."

Nikapiga. Mpira ukaenda mbali kule, ukadumbukia bila kugusa ukingo. Mlio wake ni mdogo tu, kama mtu aliyeweka kikombe mezani, lakini nilitaka kuusikia tena palepale.

Kisha akili ikanirudia. "Kwa nini umeniambia?" nikamwuliza. "Ungenyamaza, ungeshinda."

"Najua."

"Basi?"

Akavaa sweta taratibu, ingawa kulikuwa na joto. "Mtu akikosea hovyo hovyo, naweza kumwacha. Wewe ulikuwa unakosea kwa namna moja. Mtu akikosea kwa namna moja, mkono unaniwasha, Mama. Siwezi kutazama."

Hapa mama wa kwenye hadithi angelainika. Mimi nilichofikiri, naandika kama kilivyokuwa, ni kwamba sasa nitashinda. Nikamwomba anifundishe siku zilizobaki. Akakubali, na sikuona hata haya.

Anafundisha hivi. Hasemi hapana. Mimi katika maisha yangu ya kufundisha vijana wa mafunzo pale kliniki nimesema hapana mara nyingi kuliko jina langu. Yeye ukikosa anauliza, "Umeona nini?" na anangoja. Mwanzoni nilimjibu kwamba nimeona nimekosa. Akangoja. Nikasema pengine mkono wa nyuma umeyumba. Akasema haya, piga tena. Alipanga mipira mitatu karibu na mashimo, karibu kabisa, mpaka nikaona ananitania. Nilipoiingiza yote akairudisha nyuma shubiri moja. Kesho yake shubiri nyingine. Kumbe alikuwa na wanafunzi wengine wa alasiri, fundi cherehani mmoja mama mtu mzima, na dereva wa gari la wagonjwa. Wote wanamwita Rula, kwa kuwa anapiga kwa mstari. Yule fundi cherehani alinikuta siku moja natoka, akaniambia una bahati, sisi Rula tunampata mara mbili kwa wiki, wewe unaishi naye. Nilimjibu kwamba nyumbani haoshi vyombo.

Mwezi ukaisha Jumamosi. Tukakutana asubuhi kwa kinyozi: mimi, binti yangu, baba yake aliyekuja na nguo za kazi, na kinyozi mwenyewe. Kwenye kiti cha mbele kulikuwa na mteja ambaye alikuwa amenyolewa upande mmoja, akakataa kunyolewa wa pili mpaka mambo yaishe. Fomu zote mbili zilikuwa juu ya droo ya mataulo. Kinyozi akavunja rundo, mipira ikatawanyika, akasema nina nafasi tatu.

Ya kwanza sitaki kuieleza. Mweupe haukufika hata kwenye mpira niliolenga. Nilitokwa na jasho jembamba la mgongoni, lile ambalo huwa nalisababisha kwa wengine.

Ya pili niliingiza wa kwanza, nikaingiza wa pili, nikajisikia mtaalamu, nikakosa wa tatu.

Kabla ya nafasi ya tatu nilizunguka meza nzima kiubavu, kwa heshima zote. Wa kwanza ulikuwa umekaa mdomoni mwa shimo, ukaingia. Wa pili ulikuwa wa shimo la ubavuni. Nikavuta pumzi, nikaweka jicho la kushoto juu ya fimbo, ukaingia. Wa tatu ulikuwa mbali, lakini umenyooka kwenda kwenye shimo la pembeni, na mweupe upo nyuma yake kwenye mstari huohuo. Binti yangu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma. Sikumtazama. Nikapiga kwa nguvu zote.

Ukaingia kwa kishindo. Niliiinua fimbo juu kwa mikono miwili, nikageuka kumkabili mume wangu, na nasikitika kusema kwamba nilicheza. Si kidogo. Nilikata kiuno, mwanamke mwenye wagonjwa wanaomheshimu mtaa wa pili tu kutoka hapo. Nikaona mume wangu hacheki wala hapigi makofi. Anatazama nyuma yangu. Mwenye kichwa nusu naye anatazama nyuma yangu. Nikageuka. Ule mweupe ulikuwa bado unaviringika, polepole, kuufuata mwenzake kwenye mstari uleule. Ukafika mdomoni, ukasitasita, ukadumbukia.

Kinyozi akaingiza mkono shimoni, akautoa, akauweka katikati ya kitambaa. "Mweupe ukizama, pigo halihesabiki, daktari," akasema.

Nilibisha. Mtu asinisimulie kwamba sikubisha, nilikuwepo. Nilisema mapatano yalikuwa mipira mitatu. Nikaihesabu kwa vidole. Nikasema kama ni kuhesabu, basi imeingia minne, nimezidisha. Mume wangu akainamisha kichwa, akakagua buti zake.

Ni binti yangu aliyekatiza. "Arudie," akamwambia kinyozi. "Sikumfundisha hilo. Nilimfundisha kulenga, sikumfundisha kuusimamisha mweupe. Ni kosa langu. Mipira irudishwe ilipokuwa, apige huo wa tatu."

Kinyozi akamwuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Akairudisha mipira miwili yeye mwenyewe, akainama kupima kwa jicho kama imekaa palepale, akausogeza mweupe upana wa ukucha. Kisha akazunguka, akaja nyuma yangu.

"Mara hii usipige katikati," akasema. "Piga chini kidogo, halafu usiusukume, ugonge uuache. Utasimama. Kiwiko, Mama. Kiwiko kishuke."

Nikainama. Kila kitu kilikuwa mahali pake, jicho, kidevu, vidole. Nilijua nitauingiza. Naliandika hili kwa sababu pale kliniki wameshanitungia hadithi kwamba nilishindwa makusudi kwa upendo wa mama, na wananitazama kwa macho laini wakati wa chai. Si kweli. Nilikuwa nataka kushinda mpaka meno yananiuma. Lakini nikiwa nimeinama vile nilimsikia ameacha kupumua nyuma ya bega langu. Mle ndani mlikuwa na mtu mmoja tu aliyetaka mpira ule uingie kuliko mimi, naye ndiye ambaye ungempotezea mwaka.

Nikainuka. Nikaegemeza fimbo ukutani.

"Kalamu iko wapi?" nikauliza.

Mwenye kichwa nusu ndiye aliyenipa, aliitoa mfukoni mwa shati chini ya shuka la kinyozi. Nikaichukua fomu ya kituo cha michezo. Jina la mzazi, nikaandika. Uhusiano, nikaandika. Sahihi, nikasaini. Chini kulikuwa na mistari mitatu ya maoni ya mzazi. Nilikuwa na maoni ya kurasa nane, nimeyatunza tangu akiwa na miaka kumi na tano. Nikaandika: "Anafundisha vizuri. Hali chakula mpaka alazimishwe, mwangalieni." Nikampa.

Alisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa nyuma. Nilitegemea walau anikumbatie. Macho yalikuwa yanamng'aa, lakini yalikuwa yanatazama meza.

"Haya, sasa upige," akasema.

Nikamwambia nimeshasaini, mambo yamekwisha, nina nguo za kufua. Baba yake akasema kweli, mama yako ana nguo, na mimi nina njaa. Binti yangu alikuwa amekwisha kuitwaa fimbo ukutani na kuipaka chaki.

"Huwezi kuondoka na kosa mkononi," akaniambia. "Piga chini, uuache."

Nilipiga. Wa rangi uliingia na mweupe ukaufuata.

"Umeona nini?" akaniuliza.

Nikasema nimeona mume wangu anaondoka bila mimi. Akangoja. Mbele, mashine ya kinyozi ikaanza kuunguruma kwenye ule upande wa pili wa kichwa. Nikasema pengine nimepiga juu mno. Akasema haya, akaipanga mipira upya, nami nikainama.